Hela Zilizokula Kengele

Gelasius Kauzeni alikuwa fundi saa pale Kashaulili, barazani kwa duka moja la vitenge, na kwa miaka mingi watu wa Mpanda hawakuwahi kuuona uso wake wote. Walichokiona ni kipara kilichoinama na jicho moja lililobana lenzi nyeusi. Ukimsalimia aliitikia bila kuinua kichwa: "Weka hapo, nakuja." Aliwajua watu kwa sauti zao, kwa vikohozi vyao, hata kwa namna walivyoburuta kandambili.

Miaka ya tisini ilipoingia ikaja na saa za betri. Zililetwa kwa magunia, za plastiki, nyekundu, kijani, nyingine zikiimba. Ikifa hiyo, mtu anatupa na kununua nyingine. Wateja wa Gelasius wakapungua kama maji ya kisima mwezi wa Septemba, na yeye aliyezoea kukaa siku nzima bila kunyoosha mgongo akajikuta ana muda wa kutazama vitu visivyo na haraka.

Mwaka tisini na mbili, bibi mmoja wa Kisukuma alimletea saa ya marehemu mumewe. Kwenye mkanda wake ilikuwa imefungwa kwa uzi mweusi senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati.

"Kitoe hicho kidude," bibi alisema, "kinanikwaruza. Ukikitaka, chako."

Gelasius akaiweka senti chini ya lenzi kwa mazoea tu. Akaona pembe mbili za ndovu, taji, jina la mfalme wa Kiingereza, mwaka 1936. Halafu, pembeni kabisa, padogo kuliko jicho la sisimizi, akaona herufi moja: H. Akaifuta senti kwa mafuta ya taa, akatazama tena. H ilikuwa palepale.

Alikaa na ile senti hadi kivuli cha baraza kikahama. Ilikuwa imepita mikononi mwa watu wangapi kwa miaka hamsini na sita? Wamenunulia chumvi, wamelipia kodi ya kichwa, wameificha kwenye mapindo ya khanga. Wote waliishika, na pengine hakuna hata mmoja aliyeiona hiyo H. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Kesho yake akawaambia wateja wake wachache: mwenye sarafu ya zamani nyumbani na aje nayo, nitamsafishia saa yake bure.

Zikaja. Wakonongo walileta za Mwingereza, Warundi wa makambini wakaleta faranga, Wafipa wakaleta rupia zenye sura ya Mjerumani mwenye masharubu. Gelasius alizipanga ndani ya viberiti vitupu, kila kiberiti sarafu moja imelazwa juu ya pamba, na kwenye daftari la shule akaandika imetoka kwa nani, aliipataje, alikuwa anafanyia nini. Getrude, mkewe, alimtazama pale nyumbani Kawajense akipanga viberiti mezani, akatikisa kichwa.

"Baba Wiliam, wanaume wenzako wanakusanya ng'ombe."

"Ng'ombe wanakula majani," Gelasius alimjibu. "Hizi hazili kitu."

"Zinakula wewe," Getrude akasema, lakini siku ya pili yake alimletea viberiti sita alivyowaomba mama lishe wa sokoni.

Kati ya sarafu zote hizo kulikuwa na aina moja iliyomsumbua. Ni hela ya Mjerumani ya ishirini, ya mwaka 1916, yenye taji na chini yake herufi T. Nyingine zote za Mjerumani zilikuwa zimechongwa kwa ustadi. Hii ilikuwa ya ovyo: taji limepinda, maandishi yamezama upande mmoja. Tena rangi zake hazikufanana. Alikuwa nazo kumi na nne. Nyingine nyekundu kama udongo wa tanuri, nyingine njano, na mbili zilikuwa za rangi ya katikati, utadhani aliyezitengeneza alichanganya alichokikuta. Mwalimu mstaafu wa historia alimweleza kwamba T ni Tabora. Wakati wa vita Mjerumani alizingirwa, meli za fedha zikawa hazifiki, akaanza kujitengenezea hela mwenyewe kwa shaba yoyote aliyoiona, maganda ya mizinga na kadhalika.

"Na hiyo kadhalika ni nini, mwalimu?" Gelasius aliuliza.

Mwalimu akacheka. "Bwana, kadhalika ni kadhalika."

Jibu hilo halikumtosha fundi saa.

Julai ya mwaka tisini na saba alisafiri kwenda kwao Usevya kumjulia hali shangazi yake Mary, dada mkubwa wa baba yake. Shangazi Mary alikuwa na umri wa karibu miaka tisini. Macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini vidole vyake bado vilipepeta mchele na kutoa mchanga punje kwa punje. Gelasius alikuwa amebeba hela mbili za T mfukoni, moja nyekundu na moja ya njano, kwa sababu alikuwa na tabia ya kutembea nazo. Wakiwa wamekaa uani, akampa shangazi ile ya njano, amchezeshe tu, amuulize kama anaikumbuka.

Bibi akaipapasa. Akaisugua kwa dole gumba, akainusa. Halafu akaitupa chini kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Toa hiyo. Hizo ndizo zilizokula kengele."

"Kengele gani, Shangazi?"

"Ya kwetu. Ya Kasimbe. Ilikuwa inaitwa Anjela."

Gelasius alikuwa amelisikia jina la Kasimbe utotoni, kama watu wanavyolisikia jina la babu aliyekufa kabla hawajazaliwa. Kilikuwa kijiji cha zamani cha Wapimbwe, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Usevya. Mwingereza aliwahamisha watu wote kwa ajili ya malale, na hakuna aliyerudi. Shangazi akamsimulia huku akiendelea kupepeta. Alikuwa msichana mdogo. Walipita askari na wapagazi, nyumba kwa nyumba, wakikusanya shaba: sufuria, bangili, waya, vitasa vya milango. Wakasema inakwenda Tabora kutengenezwa hela. Kengele ya kanisa nayo ikatajwa. Asubuhi moja watu waliamka wakakuta nguzo za kengele ni tupu. Katekista Leonidas akawatangazia: askari wameichukua. Wakinamama walilia.

"Basi ndiyo hivyo," Gelasius alisema.

Ungo ukasimama. "Ndiyo hivyo, na siyo hivyo. Mama yangu alikuwa na jambo lake. Tukienda kutafuta kuni, kuna mahali akipita alikuwa anapiga ishara ya msalaba. Nikamuuliza, mama, hapa amezikwa nani? Akanifinya sikio. Hapakuwa na kaburi pale, mwanangu. Mimi nilikuwa najua makaburi yote."

"Ni wapi?"

"Nitapajuaje leo? Macho hayapo, na Kasimbe yenyewe haipo."

Gelasius alirudi Mpanda akiwa ameketi juu ya magunia ya mpunga. Ilikuwa kama ile siku ya H. Watu wazima wa kijiji kizima walishika kitu, wakaenda nacho makaburini, na hakuna aliyekisema.

Misheni ya zamani iliyoihudumia Kasimbe ilikuwa mbali, safari ya siku nzima kwa lori. Paroko wa huko alimkubalia kwa barua: ndiyo, shajara za mapadre wa kwanza zipo ndani ya kabati la bati, aje asome, ila kitabu hakitoki nje ya mlango. Na zimeandikwa kwa Kifaransa. Gelasius alijua Kifaransa kama anavyojua kuruka. Akamkumbuka Mwalimu Séverine wa Katumba, mkimbizi wa Kirundi, mama mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye alikuwa anamletea saa ya ukutani ya shule kila ilipogoma. Séverine alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili akiwa bado na sare za sekondari mwilini. Ilimlazimu kuomba kibali cha kutoka kambini, akapewa siku tatu.

Siku ya kwanza yote waliimaliza njiani. Siku ya pili walikaa kwenye chumba kilichonuka popo, wao wawili na kitabu kikubwa chenye jalada lililoliwa na mende. Séverine alisoma kwa sauti, kwanza polepole, akijikwaa, halafu sauti ikanyooka. Katikati ya ukurasa akavua miwani.

"Vipi, Mwalimu?"

"Hapana kitu, Fundi. Ni miaka ishirini na mitano sijasoma Kifaransa kwa sauti. Nimeisikia sauti ya dada yangu." Akafuta kioo kwa pindo la kitenge, akaendelea.

Walipata mistari mitatu ya mwaka 1916. Séverine akaitafsiri neno kwa neno, na Gelasius akaandika: *Kengele ya Kasimbe haikuletwa. Katekista anasema askari wameichukua. Ofisa anaandika kwamba askari hawakuikuta. Mungu anajua, na Leonidas naye nadhani anajua.*

Baada ya hapo kimya. Vita vikaisha, Wajerumani wakaondoka, mapadre wakaandika habari za mvua, simba na ubatizo. Jua likawa linaelekea kuzama na Séverine alikuwa amekwisha kuomba radhi mara mbili, maana kesho alfajiri lazima wapande lori, ndipo alipofika mwaka 1931. Leonidas alikuwa anakufa kwa homa ya mapafu misheni. Padre mgeni, kijana, hakumwelewa. *Anaomba azikwe kwao Kasimbe, kando ya Anjela, kwenye kichuguu ambapo nyati wanalamba udongo. Nimeuliza: mke wake anaitwa Marta, na yu hai. Ni maneno ya homa. Tumemzika hapa.*

Séverine akaweka kidole juu ya jina la Anjela na kukiacha hapohapo.

"Aliwaambia," akasema. "Masikini, aliwaambia kabisa."

Kosa la Gelasius lilikuwa dogo, na alilifanya kwa furaha. Aliporudi Kashaulili alimsimulia jirani yake wa barazani, muuza vitenge, kwamba amesoma vitabu vya wazungu na sasa anajua mahali kitu kilipofukiwa. Alisema kengele, alisema Kasimbe, alisema kichuguu. Lakini masikio ya Mpanda miaka ile yalikuwa yamejaa hadithi za rupia za Mjerumani, masanduku ya dhahabu yaliyozikwa chini ya miembe na kulindwa na majoka. Kufika Jumamosi, sokoni kote ilijulikana kwamba fundi saa amepata ramani.

Alikuja mtu mmoja anayeitwa Shadrack, dalali wa mawe ya madini, kavaa koti la suti juu ya fulana. Akakaa kwenye kigoda cha wateja bila saa.

"Mzee Gela, tusipoteze muda. Wewe una karatasi, mimi nina fimbo za kupimia na vijana wa kuchimba. Nusu kwa nusu."

"Ni kengele, Shadrack. Kengele ya kanisa."

Shadrack akatabasamu kwa huruma. "Sasa mzee, nani duniani anatafuta kengele?"

"Mimi."

"Sawa. Kaa na kengele yako," Shadrack akasema akijipangusa vumbi.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja Gelasius alisikia hatua asizozijua, nzito, za makubazi ya matairi, zikasimama mbele ya meza yake. Safari hii aliinua kichwa. Alikuwa mzee mrefu wa Kisukuma, shuka begani na fimbo mkononi.

"Wewe ndiye Gelasius wa saa?"

"Ndiye, mzee wangu. Karibu."

"Mimi naitwa Masunga. Nakaa Kasimbe na ng'ombe zangu tangu mwaka themanini na nne. Watu wamekuja kwangu wakachimba. Mashimo thelathini na moja, nimeyahesabu. Wakachimba njia ya maji, wakachimba karibu na zizi, wakachimba hata kaburini alipolala mjukuu wangu. Niliwafukuza wakaondoka, mashimo wakaacha. Juzi ng'ombe wangu mmoja, jike, mwenye mimba, ameingia shimoni akavunjika miguu yote ya mbele. Nimemchinja mwenyewe."

Gelasius aliweka bisibisi chini.

"Sikuja kudai ng'ombe," Masunga akaendelea, kwa sauti ileile isiyopanda. "Nilimuuliza yule mwenye koti, nani kawaambia kwamba hapa kuna mali? Akasema fundi saa wa Kashaulili. Nikasema basi, niende nikamwone huyo mtu sura yake."

Gelasius angeweza kusema kwamba hakuwatuma, na ingekuwa kweli. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Badala yake akafunga kisanduku chake cha kioo kwa kufuli, akamwomba muuza vitenge amtazamie, akapita Kawajense kumuaga Getrude na kuchukua jembe.

"Unakwenda wapi na jembe, wewe wa vidole laini?" Getrude akauliza.

"Nakwenda kufukia mashimo."

Getrude alimwangalia mumewe, akamwangalia mgeni aliyesimama mlangoni na fimbo yake. Akawafungia viazi na chumvi.

Kwa siku nne Gelasius na Masunga walirudisha udongo. Siku ya kwanza viganja vya fundi vilitoka malengelenge, siku ya pili yakapasuka malengelenge yenyewe. Masunga alimwonyesha kupaka mafuta ya ng'ombe mkononi. Lile shimo la mjukuu walilifukia mwisho, na Masunga alikataa jembe. Alirudisha udongo kwa mikono, na Gelasius akapiga magoti upande wa pili akafanya vivyo hivyo. Walipomaliza, mzee akakaa chini. Halafu akasema, "Haya. Sasa niambie wewe ulikuwa unatafuta nini."

Gelasius akamwambia yote: hela ya njano, shangazi na ishara ya msalaba, katekista aliyekufa akimtaja Anjela. Masunga alisikiliza akitafuna jani. Mambo ya kanisa hayakuwa mambo yake, lakini mtu kuzikwa mbali na alipotaka, hilo alilielewa mara moja.

"Nyati siku hizi hawafiki huku, wamebaki mbugani," alisema. "Lakini ng'ombe zangu wana kichuguu wanachokilamba. Kipo upande wa jua. Wale wenye fimbo hawakukigusa, walisema mali ya Mjerumani haiwezi kukaa kwa mchwa."

Kichuguu kilikuwa kikubwa kuliko nyumba, kimelambwa hadi kikawa laini kama kisigino. Gelasius hakutaka kuchimba tena ovyo. Alikuwa na nondo moja aliyoiokota kwenye mashimo ya Shadrack. Akainoa kwa jiwe, akawa anaididimiza ardhini hatua kwa hatua kukizunguka kichuguu, akigonga kidogo kwa nyundo, halafu anaweka sikio juu ya nondo, kama alivyoweka sikio juu ya saa kwa miaka thelathini. Udongo una sauti yake. Mzizi una sauti yake, jiwe lina sauti yake. Masunga alimfuata nyuma bila kuelewa na bila kucheka.

Siku ya pili ya kazi hiyo, karibu na saa nane mchana, Gelasius aligonga, akaweka sikio, akainuka, akagonga tena.

"Nini?" Masunga akauliza.

"Sikiliza mwenyewe, mzee."

Masunga akainama, fimbo mkononi, akaweka sikio. Gelasius akagonga polepole. Kutoka chini ilipanda sauti nyembamba, ndefu, iliyochelewa kufa.

"Ng'wanawane, mwanangu," Masunga akanong'ona, "inaitika."

Hawakuigusa siku ile. Gelasius alikuwa amejifunza. Alipanda baiskeli hadi Usevya akamwambia mwenyekiti wa kijiji, akamwambia katekista, akatuma salamu kwa paroko na ofisi ya wilaya, ili isije ikasemwa kesho kwamba ni wizi. Kisha akamwendea shangazi yake. Watoto wa ukoo wakasema bibi hawezi safari. Bibi akasema atakwenda hata kwa kutambaa. Masunga ndiye aliyemaliza ubishi huo. Alileta mkokoteni wake na maksai wawili, akatandika majani na ngozi juu yake.

Walifika watu kama arobaini, wengi wao wajukuu wa Kasimbe ambao hawakuwa wamewahi kuikanyaga. Shadrack naye alikuja, akasimama kwa mbali kwenye kivuli cha mti wa miombo na koti lake. Mawingu ya mwaka ule yalikuwa yameanza mapema, meusi, mazito. Hakuna aliyejua bado kwamba mvua itakuja kuvunja madaraja na kuzuia treni ya Tabora kwa miezi, ila wote waliona haifai kuchelewa. Vijana walichimba hadi kiunoni, halafu Gelasius akawatoa, akaingia mwenyewe na brashi yake ya kusafishia saa na kijiko.

Kengele ilikuwa imelala kifudifudi, kijani kama jani la mhogo, urefu wake kufika magotini. Ilikuwa imevishwa ngozi iliyobaki nyuzi tu. Ulimi haukuwepo, na ukingo ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Walipoinyanyua, ilimwaga udongo, na pamoja na udongo vikaanguka vitu vidogovidogo vikilia kama kokoto. Shadrack alikimbia kutoka kwenye kivuli chake. Watu wakasogea.

Hazikuwa rupia. Zilikuwa bangili. Bangili za shaba za wanawake, pete za waya, vikuku vya miguu, vijiko viwili vya misheni, kitasa kimoja cha mlango. Watu wa Kasimbe hawakuficha kengele peke yake. Walikuwa wameijaza shaba yote waliyoipenda, kila mtu ameleta chake, kabla ya kuifunika.

Waliikalisha kengele mbele ya mkokoteni. Shangazi Mary akashushwa, akanyoosha mikono, akaipapasa kutoka chini hadi juu, akaizunguka, akarudia. Uso wake ukakunjamana.

"Ndiyo yenyewe, Shangazi?"

"Ndiyo," alisema. Halafu, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Mbona ndogo? Mimi niliiacha kubwa kama nyumba."

Watu wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka hadi machozi yakamtoka, na baadaye haikujulikana tena kama anacheka.

Bangili walizitandaza juu ya mkeka. Zilikuwa ndogo mno. Hakuna mwanamke pale aliyeweza kupitisha hata vidole vinne. Mmoja akasema labda watu wa zamani walikuwa wembamba. Bibi akaomba apewe moja moja. Vidole vyake vilipita juu yake kama anapepeta mchele. Kwenye ya tisa au ya kumi vikasimama.

"Hii imekatwa," akasema.

Gelasius akaweka lenzi jichoni. Ni kweli, bangili ilikuwa imekatwa kwa tupa na kupanuliwa, meno ya tupa yanaonekana wazi. Na siyo hiyo tu. Karibu zote zilikuwa zimekatwa.

"Walituvisha tukiwa watoto wachanga," Shangazi Mary alisema taratibu, kana kwamba maneno yanatoka chini ya udongo nayo. "Tunakua, zinatubana, hazitoki tena hadi kufa. Leonidas alituweka mstari, sisi watoto wa kike, nyuma ya kanisa. Akatukatia mmoja mmoja kwa tupa. Mimi nililia sana. Nilidhani anawapa askari mkono wangu." Akaigeuza bangili kiganjani. "Nimemchukia yule mzee miaka themanini. Hakutwambia. Watoto wanasema ovyo, angetwambiaje?"

Hakusema kama ile bangili ilikuwa yake, na hakuna aliyemuuliza. Aliishika njia nzima ya kurudi, mkokoteni ukiyumba, Masunga akiwapigia maksai mluzi.

Mvua ilinyesha miezi mitano. Paroko, mwenyekiti wa kijiji na bwana mmoja wa ofisi ya utamaduni kutoka wilayani walikubaliana kwamba kengele itundikwe kanisani Usevya, na bangili ziwekwe kwenye kabati la kioo palepale, ili mwenye asili ya Kasimbe aweze kuja kuziona. Kabati alilitengeneza Gelasius. Kengele alikataa kuitia ulimi mpya kabla hajaipima ufa wake, na alipoipima akasema isigongwe kwa nguvu. Kwa hiyo inagongwa kwa mti, kidogo tu, na sauti yake ni ya kukwama, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema. Watu wa Usevya waliicheka mwezi wa kwanza, halafu wakaizoea.

Barabara zilipofunguka, Séverine aliomba kibali kingine cha siku tatu. Hakwenda Usevya. Alimwomba Gelasius ampeleke misheni ya zamani, kwenye makaburi, wakatafuta la Leonidas kati ya misalaba iliyoanguka. Walilipata siku ya pili, jina limebaki nusu. Shangazi Mary alikuwa amewapa kitu wamfikishie: udongo wa kichuguu cha Kasimbe, umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Masunga ndiye aliyeuchimba.

Séverine alifungua kitambaa, Gelasius akaumimina udongo taratibu juu ya kaburi, akausawazisha kwa kiganja. Hakuna padre aliyekuwepo wala aliyealikwa. Séverine akasoma kwa Kifaransa maneno machache ya sala aliyoyakumbuka tangu shule, akasoma tena kwa Kirundi. Kisha wakakaa chini juu ya majani makavu, wakala viazi alivyowafungia Getrude, wakisubiri lori.